Rolex ya mdogo wangu haina ngano

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Nilitaka kueleza safari yetu ya kutoka kwetu mpaka hapa Bwera, kisha nikakumbuka wengi wenu mmepita njia ile ile, tena wengine kwa miguu kuliko mimi. Basi leo naandika kuhusu chapati. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Rolex mnaijua. Kwa wale mnaosoma kutoka mbali, hatusemi saa ya mkononi. Ni mayai yaliyokaangwa na kitunguu, nyanya na kabichi, yakaviringishwa ndani ya chapati ya moto. Jina limetoka kwenye Kiingereza cha barabarani, "rolled eggs", watu wakalitamka haraka haraka mpaka likawa rolex. Uganda nzima wanaila, mwanafunzi na mtu wa boda, mwalimu na mbunge. Tangu 2016 Kampala wamekuwa wakiifanyia hata tamasha. Ukifika nchi hii kama mkimbizi, mara nyingi rolex ndiyo chakula cha kwanza unachonunua kwa pesa yako mwenyewe, na siku hiyo unajisikia kama mtu tena.

Sasa mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 11, hawezi kula rolex.

Jumamosi jioni watoto wa mtaa wetu wakitoka mpirani wanachanga pesa, huyu 500, yule 500, wanaenda kwa kaka wa chapati pale barabarani, wananunua mbili na kuzikata vipande. Mdogo wangu ndiye anayebaki na mpira. Anaukumbatia tumboni, anasimama hatua chache pembeni, anajifanya anaangalia pikipiki zinazoenda mpakani. Siku ya kwanza nilipomwona hivyo nilifikiri wamemfukuza. Kumbe amejitoa mwenyewe. Akaniambia, "Yaya, nikisimama karibu sana nitasikia harufu."

Nirudi nyuma kidogo ili mnielewe.

Sisi ni watu wa Kanyabayonga. Mji wetu ulipoanguka mwishoni mwa Juni 2024, mama alituchukua watatu tukaelekea kaskazini, Lubero, Butembo, Beni, Kasindi, tukilala kwa ndugu na makanisani. Baba hakuwa nasi. Alikuwa Goma kwa biashara yake, na barabara ikakatika katikati yetu. Tulivuka mto Lhubiriha tukaingia Mpondwe siku ya Ijumaa, siku ya soko, watu wengi mpaka huoni ardhi. Tulikuwa hatujala tangu jana yake. Mtu mmoja mwenye huruma akampa mdogo wangu pakiti ya biskuti, zile za kuongeza nguvu. Alizila zote, maskini, mpaka unga wa mwisho kwenye karatasi.

Usiku alitapika mpaka asubuhi, na tumbo likawa maji.

Ninyi mnaokaa huku mnajua maana ya mtoto anayetapika karibu na mpaka. Juni 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa Uganda katika mlipuko ule alikuwa mtoto wa miaka mitano, familia yake imetoka upande wetu, na ni hapa hapa Bwera walipomlaza. Watu hawajasahau. Wakati wetu pia walimtenga mdogo wangu, wakampima joto mara ngapi sijui, mama akabaki nje ya kamba analia. Siwalaumu, walifanya kazi yao, na majibu yalikuwa safi. Lakini tangu siku ile mtoto aliona chakula kama kitu kinachoweza kumtenganisha na mama yake. Hilo hakuna aliyelipima.

Baadaye tulienda kukaa kwa mama mdogo, dada yake mama, aliyeolewa Bwera zamani. Wakonzo wa hapa na Wanande wa kwetu ni damu moja, lugha karibu moja, mpaka umetukuta tu. Kila asubuhi mama mdogo alinunua chapati na chai kwa ajili ya wageni wake, kwa upendo. Na kila wiki mdogo wangu alizidi kukonda. Tumbo limejaa upepo, miguu kama fimbo. Tulipewa dawa ya minyoo. Tulipewa dawa ya ameba. Tukarudia ya minyoo. Jirani mmoja akasema ni uchawi ulivuka na sisi.

Mwanzoni mwa 2025 daktari mmoja kijana, Kasese mjini, ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna mtu aliwahi kuliuliza: "Anakula nini asubuhi?" Mama akajibu kwa fahari, "Chapati, daktari, kila siku hakosi." Daktari akaandika damu ipelekwe Kampala. Kanisa lilichanga. Majibu yaliporudi tukaambiwa ugonjwa unaitwa siliaki. Mwili wa mtu kama huyo unapigana na gluteni, kitu kilichomo kwenye ngano, shayiri na rai, na katika kupigana huko unaharibu utumbo wake wenyewe. Dawa yake si kidonge. Dawa ni kuacha ngano maisha yote. Alituambia pia jambo ambalo naliandika hapa kwa faida ya wengine: ukishuku ugonjwa huu usiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu kipimo cha damu kinataka mtu awe bado anaila, ama sivyo kinaweza kukudanganya.

Halafu akatusimulia hadithi. Wakati wa vita kuu ya pili, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Uholanzi ilikatiwa chakula. Watu walikula mpaka vitunguu vya maua. Kulikuwa na daktari wa watoto anaitwa Willem Dicke, ambaye alikuwa na wagonjwa wa tumbo kama mdogo wangu, na tayari alikuwa na wasiwasi na mkate. Akaona ajabu: nchi nzima inakonda kwa njaa, lakini watoto wale wanapata nafuu. Vita vilipoisha na mkate uliporudi, wakaugua tena. Ndipo dunia ilipoanza kuelewa kwamba ngano ndiyo iliyokuwa inawaumiza.

Mama alinyamaza muda mrefu. Njiani kurudi Bwera, kwenye taxi, akaniambia, "Kwa hiyo nilikuwa namlisha ugonjwa kwa mkono wangu." Sikuwa na jibu. Nilimshika tu ule mkono.

Mahindi na mchele daktari hakuvikataza. Lakini utumbo wa mtoto ulikuwa bado umechubuka, hata posho halikukaa tumboni. Mama mdogo, ambaye hana cheti cha lishe lakini amelea watoto saba, akaamua: "Nafaka zote pembeni kwanza. Tubaki na vitu vya chini ya udongo na ndizi." Basi ikawa muhogo, viazi vitamu, matoke, maharage, sombe, samaki. Baada ya miezi miwili mashavu yakarudi. Akaanza kukimbia. Akaanza kucheza mpira. Na ndipo, kwa sababu amepona, likaja lile tatizo la Jumamosi. Nyumbani alikuwa anashiba vizuri, sitadanganya. Ila barabarani alikuwa anasimama na mpira.

Sasa naingia kwenye mapishi yenyewe.

Mwaka jana kikundi chetu kilialikwa warsha ya vijana Kasese mjini. Siku ya pili, wakati wa chai, zililetwa chapati na mandazi, nikakataa kumfungia mdogo wangu kama wengine walivyowafungia wao. Mama mmoja Mmarekani, mfanyakazi wa shirika, aliniuliza kwa nini. Nikamweleza. Akacheka, si kwa dharau, akasema hata yeye hali nafaka yoyote kwa sababu ya tumbo lake, miaka mingi sasa. Akatoa simu, akanionyesha picha ya chakula anachojipikia: kama chapati iliyokunjwa nusu, ndani jibini limeyeyuka, nyama, na kabichi.

Alisema inaitwa kesadiya. Ni chakula cha Wameksiko, jina limetoka kwenye neno lao la jibini, na asili yake hukunjwa kwenye mkate wa mahindi. Lakini vya ndani amevitoa kwenye sandwichi moja maarufu ya Marekani inayoitwa Reuben: nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye chumvi, kabichi iliyochachushwa, jibini, na mchuzi mwekundu, juu ya mkate wa rai. Rai! Yaani ile ile inayomuua mdogo wangu. Yeye ameondoa mkate akaweka chapati ya unga wa lozi.

Nikamuuliza sandwichi hiyo ni ya kabila gani. Akaniambia ni ya maduka ya vyakula yaliyofunguliwa na Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki, wengi wakikimbia umaskini na kuuawa, wakafika New York na miji mingine mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Walikuja na ujuzi wa kuhifadhi nyama kwa chumvi na kabichi kwenye mapipa, kwa sababu kwao baridi ni kali na mboga hazipatikani. Mpaka leo watu wanabishana nani hasa aliyeianza Reuben, kama ni muuza vyakula wa Omaha aliyeitwa Reuben Kulakofsky au mwenye mkahawa wa New York, Arnold Reuben. Na ajabu nyingine, sheria ya dini yao haikubali nyama na jibini pamoja. Kwa hiyo hata chakula hicho, watu wa zamani wangekikataa. Ni chakula cha watoto wa wageni, ambao walichukua vya kwao, wakachukua na vya nchi mpya, wakabana katikati ya mkate.

Nilirudi Bwera nikifikiria hilo njia nzima, mpaka Kikorongo nikagundua nimeacha mwavuli wangu kwenye ukumbi.

Unga wa lozi Bwera hakuna. Hata sijui lozi mbichi likoje. Lakini muhogo tunao. Wazee wetu wote, Wakonzo na Wanande, wanaula kila siku kama bundu, na sisi tunasahau kwamba hata wenyewe ulikuja na meli za Wareno kutoka Amerika ya Kusini. Kwa hiyo na muhogo pia ni mgeni aliyezoea.

Mara ya kwanza niliukanda unga wa muhogo kwa maji baridi kama tunavyofanya ngano. Ukapasuka kama udongo wa kiangazi. Nikaongeza maji, ukawa uji. Nikaongeza unga, ukawa jiwe. Mdogo wangu amekaa kwenye kigoda anangoja, akaniambia kwa upole, "Yaya, si lazima." Hilo neno liliniuma kuliko angelia.

Usiku nikafikiri. Daktari alisema gluteni ndiyo inayofanya unga wa ngano uvutike. Muhogo hauna. Lakini bundu la mama mdogo linavutika, si ndiyo? Linavutika kwa sababu unga wake umekutana na maji ya moto. Asubuhi nikamwaga maji yanayochemka juu ya unga, nikakoroga kwa mwiko, nikaacha upoe, nikatia yai na mafuta, nikakanda. Ukatulia mkononi kama sikio. Nikaweka donge katikati ya vipande viwili vya kavera safi, nikabingirisha kwa chupa ya soda, nikalibandua. Duara halikuwa zuri, lilifanana na ramani ya Kongo, lakini lilikunjika bila kuvunjika. Mimi na mama mdogo tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amejifungua.

Kabichi ilikuwa rahisi zaidi, isipokuwa harufu. Unaikata nyembamba, unaipima, unaweka chumvi, unaiminya mpaka itoe maji yake yenyewe. Nilitumia chumvi ya Katwe, ile safi ya kula, kwa sababu ziwa liko hapa hapa wilayani kwetu na watu wanavuna chumvi pale tangu zamani sana. Siku ya tatu mama mdogo alifungua kopo akarudi nyuma: "Mtoto, unatufanyia nini humu ndani?" Siku ya tano alionja kwa ncha ya kidole. Siku ya sita nikakuta kopo limepungua, na mtu wa kuulizwa hakuonekana.

Kilichobaki ni jibini. Na hapa kuna habari ya baba.

Biashara ya baba ilikuwa jibini. Ninyi mliotoka Kivu mnalijua, yale magurudumu ya njano yanayotengenezwa kwenye vilima vya Masisi, mengine wanaita jibini la Goma. Baba alikuwa anayafunga nyuma ya pikipiki, manne manne, anayaleta Kanyabayonga mpaka Butembo. Nguo zake zilinuka maziwa. Sisi watoto tulikuwa tunaona aibu shuleni. Goma ilipochukuliwa mwisho wa Januari 2025, simu yake ilizima karibu wiki tatu. Kisha ikarudi. Bado yuko kule. Anasema yuko salama, na sauti yake inasema mambo mengine.

Mimi nasuka nywele siku za soko, Jumanne na Ijumaa. Ijumaa moja nikamwona mama wa Butembo amekaa na kipande cha jibini chini ya kitambaa. Nilijua harufu kabla ya kuona. Bei yake ilikuwa sawa na kusuka vichwa viwili. Nikampigia baba pale pale, mtandao ukakubali.

"Baba, nimeona jibini. Nitajuaje kama ni zuri?"

Akanyamaza. Nikafikiri mtandao umekatika. Kisha akasema, "Ligonge kwa kidole. Likilia kama ngoma iliyopasuka, ndani kuna upepo, liache. Likijibu taratibu, nunua." Nikagonga, nikaweka simu karibu. Akasikiliza kutoka Goma. Akasema, "Hilo ni la kwetu. Nunua." Yule mama wa Butembo alitutazama kama vichaa, halafu akanipunguzia bei.

Sasa nawapa namna ya kufanya, ili mtu asiniulize ndani ya ujumbe mmoja mmoja.

Kwanza unga. Nunua muhogo mkavu, usinunue unga uliokwisha sagwa, kwa sababu wengine wanachanganya na mahindi. Hakikisha umelowekwa vizuri. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, lazima ulale majini siku tatu au nne mpaka ulainike, ndipo uanikwe juani ukauke kabisa. Msifanye haraka hapa. Kwetu Kongo kuna ugonjwa unaoitwa konzo, miguu inapooza ghafla, unawapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa na vita. Jina linafanana na la Wakonzo lakini halihusiani nao, limetoka kwenye lugha ya Wayaka, magharibi ya Kongo. Kinuni, mwombe fundi akusagie wa kwanza asubuhi, baada ya kufagia mashine.

Kwa chapati 6: vikombe 2 vya unga wa muhogo, chumvi kidogo, maji yanayochemka karibu kikombe 1, uyatie kidogo kidogo. Ukipoa kiasi cha kushikika, tia yai 1 na vijiko 2 vikubwa vya mafuta. Kanda, gawa, bingirisha kati ya kavera mbili. Choma kwenye kikaango kikavu, dakika moja na nusu kila upande. Zifunike kwa kitambaa zikitoka, zikikauka zitapasuka.

Kabichi: kilo 1 kwa gramu 20 za chumvi. Shindilia ndani ya kopo safi la kioo mpaka maji yafunike kabichi, weka kitu kizito juu, acha kivulini siku 5 hadi 7. Kila siku fungua kidogo utoe upepo. Kabla ya kutumia, kamua maji.

Nyama: nusu kilo ya ng'ombe, ipake chumvi usiku, asubuhi isuuze, ichemshe na tangawizi na pilipili manga mpaka ichambuke kwa mkono. Ukikosa nyama, mayai yanatosha, na pengine ni bora.

Mchuzi: avoka moja iliyopondwa, nyanya moja iliyoiva, ndimu, pilipili kadiri ya ujasiri wako.

Weka chapati kwenye kikaango juu ya sigiri, moto mdogo. Jibini nusu ya duara, nyama, kabichi, mchuzi, jibini tena kidogo. Kunja. Kandamiza kwa kifuniko. Geuza. Jibini likianza kutoka pembeni na kuungua kidogo, imeiva.

Jumamosi ile sikutaka kumpikia nyumbani. Nyumbani alikuwa ameshakula peke yake vya kutosha. Nilienda kwa kaka wa chapati nikiwa na unga wangu, kopo langu na kikaango changu, kwa sababu kikaango chake kimejaa ngano, na hata vumbi lake linatosha kumuumiza mtoto. Niliogopa atanifukuza, maana nani anataka mshindani kwenye meza yake? Nikamsalimu kwa Kikonzo, nikamweleza habari za mdogo wangu. Alinisikiliza huku anageuza mayai. Kisha akasema, "Dada, si ungesema zamani. Mimi kila Jumamosi nadhani yule mtoto hana pesa, na naona haya kumpa bure mbele ya wenzake." Akanipa sigiri ya pili, akasogeza unga wake upande wa chini ya upepo, akaosha meza kwa sabuni.

Watoto walipofika, mdogo wangu alikwenda moja kwa moja mahali pake, na mpira wake. Nikamwita. Hakuamini. Alikuja polepole kama mtu anayeitwa na mwalimu. Nikampa ikiwa moto, kwenye karatasi, kama wengine. Aliuma, jibini likavutika kutoka mdomoni mpaka mkononi, na watoto wote wakasema "Aaaah!" kwa pamoja. Halafu wakataka kuonja.

Sitawadanganya kwamba wote walipenda. Kabichi iliwakunja sura. Mmoja alitafuna muda mrefu, akatoa hukumu: "Hii ni bundu iliyoenda shule." Tulicheka mpaka kaka wa chapati akaunguza yai. Tangu siku hiyo ndilo jina lake mtaani. Siku hizi mdogo wangu akifika na wenzake anasema, "Kaka, mimi ile iliyosoma." Jibini hatuweki tena, ni ghali, anakula ya mayai na kabichi. Kikaango chake kinaning'inia kwenye msumari pale pale kibandani, hakuna anayekigusa.

Usiku ule nilimtumia baba picha. Akajibu kwa sauti, sekunde chache tu: "Nimeona jibini linavutika. Ni zuri." Mama aliisikiliza mara nyingi.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, nina ombi moja, na naliomba kwa heshima. Mnapotuandikisha mnatuuliza mengi: majina, miaka, ulemavu, tumepita njia gani. Ongezeni swali moja dogo: kuna chakula gani ambacho mwili wa mtu wa nyumba hii hauwezi? Halihitaji mashine. Mdogo wangu alibaki mgonjwa zaidi ya nusu mwaka kwa kukosa swali hilo, na waliomlisha wote walikuwa watu wema, kuanzia yule wa biskuti, mpaka mama mdogo, mpaka mama mwenyewe.

Na ninyi wenzangu, angalieni watoto wanaobaki na mpira. Pengine si wote wamekosa pesa. Mmoja anaweza kuwa na tumbo, mwingine dini, mwingine kumbukumbu tu. Muulizeni.

Mwavuli wangu bado uko Kasese. Atakayepita pale ukumbini aniletee, nitamlipa kwa ile iliyosoma. Wiki ijayo ni zamu ya nani?